Flopu Ikikubali: Ubeti Mwenyewe au Umtegee Mwenzako?

Umekaa kwenye blaindi kubwa. Wenzako wanne wamelipa ili waone flopu, na karata tatu zilizofunuliwa mezani zimekuja vizuri kwako. Wewe ndiye wa kwanza kusema. Unaweza kubeti papo hapo. Unaweza pia kucheki kama mtu asiye na kitu, ukamwacha mwingine abeti, na zamu ikirudi kwako ukampandishia. Njia hiyo ya pili tutaiita cheki-pandisha.

Wachezaji wengi huchagua kwa mazoea. Wapo wanaobeti kila wakipata karata nzuri, na wapo wanaojificha kila wakipata karata nzuri kwa sababu kujificha huonekana ni ujanja. Wote wanapoteza fedha ambazo zingekuwa zao. Ubora wa karata zako hautoshi kukupa jibu. Lazima ujue ni nani atakayebeti ukinyamaza, na amekaa kiti gani ukilinganisha na chako. Mtego huwekwa kwenye njia anayopita mnyama, na hapa njia hiyo ni mpangilio wa viti.

Makala hii inahusu Texas holdemu yenye kikomo, ile ambayo kiwango cha kubeti kimepangwa tangu mwanzo. Bunge la jimbo la Texas, Marekani, liliutambua mji wa Robstown mwaka 2007 kuwa ndiko mchezo huu ulikozaliwa. Siku hizi televisheni huonyesha zaidi holdemu isiyo na kikomo, ambamo mtu anaweza kusukuma fedha zake zote kwa mkupuo. Kwenye mchezo wa kikomo huwezi kumtisha mtu kwa kiasi kikubwa cha fedha. Silaha uliyonayo ni bei: kumfanya mwenzako alipe zaidi ya thamani ya nafasi aliyonayo.

Maneno tutakayotumia

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Mezani hufunuliwa karata tatu kwa pamoja, ndiyo flopu, kisha karata ya nne, kisha ya tano. Kuna raundi nne za kubeti: kabla ya flopu, baada ya flopu, baada ya karata ya nne na baada ya karata ya tano. Raundi mbili za kwanza hutumia beti ndogo, na mbili za mwisho hutumia beti kubwa, ambayo ni mara mbili ya ile ndogo. Kasino nyingi huruhusu beti moja na kupandisha mara tatu katika raundi moja wachezaji wanapokuwa zaidi ya wawili.

Kucheki ni kupitisha zamu bila kuweka fedha wakati hakuna aliyebeti. Kufuata ni kulipa kiasi kilichobetiwa. Kupandisha ni kuongeza beti moja juu ya iliyopo. Kutupa ni kuachana na karata zako. Fedha zilizokusanyika katikati tutaziita fungu. Mgawaji ni mtu aliyekaa kwenye kiti chenye alama ya ugawaji. Baada ya flopu yeye husema mwisho, na hiyo ni faida kubwa.

Katika mifano yote beti ndogo ni shilingi 1,000 na beti kubwa ni 2,000. Blaindi, yaani fedha za lazima ambazo wachezaji wawili wanaomfuata mgawaji huweka kabla ya karata kugawiwa, ni 500 kwa ndogo na 1,000 kwa kubwa.

Anza na bei

Huwezi kuamua kubeti au kutega kabla ya kujua wapinzani wanasubiri nini. Baada ya flopu, wewe umeshaziona karata tano, zimebaki 47 usizozijua. Mtu mwenye karata nne za kopa anayesubiri ya tano ana karata 9 za kumwokoa. Uwezekano wa kuipata kwenye karata ya nne ni takriban asilimia 19, yaani 4.2 kwa 1 dhidi yake. Anayesubiri mfululizo uliofunguka pande mbili ana karata 8, sawa na 4.9 kwa 1. Mwenye jozi ndogo anayetaka jozi mbili au karata tatu za namna moja ana karata 5, sawa na 8.4 kwa 1. Anayesubiri karata ya katikati ya mfululizo ana karata 4 tu, sawa na 10.75 kwa 1.

Namba hizi hulinganishwa na fungu. Kama fungu lina shilingi 11,500 na mtu anatakiwa alipe 1,000, anapewa bei ya 11.5 kwa 1. Kwa bei hiyo hata yule wa karata 4 anafuata kwa haki, na kila anapofuata anakula kipande cha fungu lako. Akitakiwa kulipa 2,000 kwa fungu la 13,500, bei ni 6.75 kwa 1. Hapo mwenye karata 5 na mwenye karata 4 wote wanakosea wakifuata. Mwenye kopa nne bado yuko sahihi, na kwenye mchezo wa kikomo hutamfukuza kwa urahisi. Unachoweza kumfanyia ni kumtoza.

Kazi ya cheki-pandisha, pamoja na kuongeza fedha mezani, ni kuzigeuza beti mbili kuwa ukuta mbele ya watu wenye nafasi ndogo. Ukuta huo hujengeka au haujengeki kutegemea viti.

Mfano wa kwanza: aliyepandisha ni mgawaji

Uko blaindi kubwa na Mfalme na Ghulamu. Wachezaji watatu wameingia, mgawaji akapandisha, blaindi ndogo akatupa, wewe na wale watatu mkafuata. Fungu lina 10,500. Flopu ni Mfalme, 8 na 4, na karata mbili kati ya hizo ni kopa. Una jozi ya juu. Ni karata nzuri, lakini wapinzani wanne ni wengi mno kwa jozi moja.

Ukibeti 1,000, wa kwanza kushotoni kwako anaona fungu la 11,500 kwa gharama ya 1,000. Mwenye 8 na 7 atafuata. Anayesubiri karata ya katikati atafuata. Wote wako sahihi. Pengine mgawaji atapandisha baadaye, lakini wenzake watakuwa wameshaweka beti ya kwanza na watamalizia ya pili.

Sasa ucheki. Wale watatu, wakijua kwamba mgawaji ndiye aliyeonyesha nguvu, mara nyingi hucheki wamsubiri. Mgawaji anabeti 1,000, wewe unaweka 2,000, fungu linafika 13,500. Wale watatu ambao hawajaweka chochote wanatakiwa walipe beti mbili kwa mkupuo, kwa bei ya 6.75 kwa 1. Mwenye 8 na 7 akiwa na akili atatupa. Akifuata, anakupa fedha. Yoyote kati ya hayo mawili ni ushindi kwako.

Kanuni: karata zako zikiwa nzuri lakini zinaweza kupitwa, na anayetarajiwa kubeti akiwa mwisho wa mzunguko, cheki kisha pandisha.

Mfano wa pili: aliyepandisha yuko kushotoni kwako

Karata ni zilezile na flopu ni ileile. Tofauti ni moja tu: aliyepandisha mwanzoni ndiye anayesema mara baada yako.

Ukicheki, anabeti 1,000. Wale watatu wanafuata mmoja mmoja, kila mmoja kwa beti moja na kwa bei nzuri. Fungu ni 14,500 linapokurudia. Ukipandisha linafika 16,500, na kila mmoja anatakiwa aongeze 1,000 tu. Hakuna atakayetoka. Umelikuza fungu, lakini jozi yako bado inapambana na watu wanne.

Badala yake beti mwenyewe, umwelekeze beti yako mtu aliyepandisha. Akiwa na Ree na Mfalme, au jozi kubwa mkononi, au akiwa tu mtu wa kujiamini, atapandisha. Hesabu ni ileile: 10,500, na 1,000 yako, na 2,000 zake, jumla 13,500. Walio nyuma yake wanakutana na beti mbili. Ukuta umejengwa kwa mkono wake. Asipopandisha, bado umemtoza kila mmoja 1,000 na hukumpa mtu karata ya bure.

Kanuni: karata zako zikiwa nzuri lakini zinaweza kupitwa, na anayetarajiwa kubeti akiwa kushotoni kwako, beti.

Mfano wa tatu: karata zako ni kubwa kweli

Mkononi una 8 mbili, na flopu ni ileile ya Mfalme, 8 na 4. Sasa una karata tatu za namna moja. Mwenye jozi mkononi hupata flopu ya aina hii, au bora zaidi, kwa takriban asilimia 11.8, yaani karibu mara moja kati ya mara 8 na nusu. Kwa kuwa haiji mara kwa mara, ikija ichume ipasavyo.

Hapa kila kitu kinageuka. Huna haja ya kuwafukuza wenye jozi ndogo, kwa sababu wakipata jozi mbili bado umewashinda. Unataka wabaki na walipe. Kwa hiyo kiti kilekile kilichokuambia ucheki ukiwa na jozi ya juu sasa kinakuambia ubeti, na kinyume chake.

Kama mgawaji ndiye aliyepandisha mwanzoni, beti. Wale watatu wanafuata kwa beti moja wakiona ni nafuu. Mgawaji anapandisha hadi 2,000, na fungu linafika 16,500. Zamu ikirudi, pandisha tena hadi 3,000. Watu waliokwisha kuweka 1,000 huona uchungu kuziacha, na wengi watalipa.

Kama aliyepandisha mwanzoni yuko kushotoni kwako, cheki. Anabeti, wenzake wanafuata, halafu unapandisha wakati wote wameshaingia. Kila mmoja ataongeza beti ya pili, na umekusanya 2,000 kutoka kwa kila mpinzani bila kumfukuza hata mmoja.

Mantiki hiyohiyo inafaa ukiwa na kopa nne kubwa na ukisubiri ya tano mbele ya wapinzani wanne. Uwezekano wa kuipata kufikia karata ya mwisho ni takriban asilimia 35. Ukiweka 1,000 na wanne wakaweka 1,000 kila mmoja, wewe unachangia moja ya tano ya fedha, wakati nafasi yako ya kuikamilisha kopa inazidi moja ya tatu. Pandisha wakati watu wameshaingia, usipandishe kwa namna ya kuwatoa.

Je, kweli atabeti?

Cheki-pandisha ina hatari moja kubwa: unacheki, na wote wanacheki. David Sklansky, ambaye kitabu chake The Theory of Poker cha mwaka 1987 kinasomwa mpaka leo, alisisitiza kwamba uwe na uhakika wa kutosha kuwa kuna mtu nyuma yako atakayebeti. Gharama ya kukosea inahesabika. Katika fungu la 10,500, mtu anayesubiri karata 4 kati ya 47 akiiona karata ya nne bila kulipa amepata nafasi yenye thamani ya karibu shilingi 900. Ulikuwa na haki ya kumtoza 1,000 kwa nafasi hiyo. Wapinzani wakiwa watatu au wanne, hasara inazidi.

Dhidi ya mpinzani mmoja, hesabu ya haraka ni hii. Ukibeti naye akafuata, unapata 1,000. Ukicheki, akabeti, ukapandisha naye akafuata, unapata 2,000. Asipobeti, hupati kitu. Kwa hiyo lazima abeti zaidi ya nusu ya mara zote ili mtego ulipe, na ongeza kidogo kufidia karata ya bure.

Tazama mambo matatu kabla ya kuamini kwamba atabeti. La kwanza ni historia ya mkono huu, yaani mgao huu wa karata: aliyepandisha kabla ya flopu hubeti mara nyingi, hasa mkiwa wawili tu. La pili ni sura ya flopu. Ikiwa na Ree au Mfalme, aliyepandisha huiona kuwa yake. Ikiwa 9, 8 na 7, mbili kati yake zikiwa kopa, na watu ni watano, mwenye Ree na Mfalme mwenye busara atacheki. Flopu hiyo ndiyo hatari kuliko zote kutoa karata ya bure, kwa hiyo beti. La tatu ni tabia. Kuna watu wanaofuata kila kitu lakini hawabeti kamwe bila karata nzito. Dhidi yao usitege. Beti, nao watalipa.

Kusubiri karata ya nne

Beti huongezeka maradufu kwenye karata ya nne, na hilo hufungua njia ya tatu. Rudi kwenye Mfalme na Ghulamu na fungu la 10,500. Tuseme umecheki-pandisha kwenye flopu, lakini meza ni ya watu wasiotupa karata, wote wanne wakalipa beti mbili. Fungu sasa ni 20,500. Ukibeti 2,000 kwenye karata ya nne, anayefuata anapewa 11.25 kwa 1. Sasa hata mwenye karata 4 za kumwokoa anafuata kwa haki. Umelikuza fungu mpaka likawavuta wote.

Linganisha na hili: kwenye flopu mgawaji anabeti, wote mnafuata tu, fungu linafika 15,500. Karata ya nne inakuja isiyo na madhara, kwa mfano 2 ambayo si kopa. Unacheki, wale watatu wanacheki, mgawaji anabeti tena 2,000, nawe unapandisha hadi 4,000. Fungu lina 21,500, na wanaofuata wanatakiwa kulipa 4,000, bei ya takriban 5.4 kwa 1. Mwenye karata 5, anayehitaji 8.2 kwa 1, anakosea akifuata. Na kama karata ya nne ingekuwa kopa ya tatu, ungekuwa umetumia beti moja tu kufika hapo na ungeweza kupunguza mwendo.

Njia hii inadai mgawaji anayebeti mara mbili mfululizo, na meza ambayo haitupi karata kwenye flopu kwa vyovyote. Mgawaji akiwa mtu wa kubeti mara moja kisha kucheki, usisubiri.

Usisomeke

Mpinzani makini hujifunza. Ukicheki-pandisha ukiwa na karata nzito tu, siku utakayopandisha atatupa. Ukicheki kila ukiwa dhaifu, atakubetia bila hofu. Ndiyo maana mara mojamoja cheki-pandisha ukiwa unasubiri karata, na mara mojamoja beti moja kwa moja ukiwa na karata kubwa.

Mashine imelithibitisha jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakiongozwa na Michael Bowling, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao iitwayo Cepheus imetatua holdemu yenye kikomo ya watu wawili, kwa kiwango ambacho mtu angeicheza maisha yake yote asiweze kuthibitisha kwamba ameishinda. Programu hiyo haina jibu moja kwa kila hali. Mara nyingi huchanganya vitendo kwa viwango maalumu. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba hata pande zote mbili zikicheza bila kosa, mgawaji hufaidika kwa wastani wa karibu asilimia 9 ya blaindi kubwa kwa kila mkono. Kusema mwisho ni mali. Cheki-pandisha ni chombo muhimu cha yule anayesema kwanza ili apunguze faida hiyo.

Kabla ya kuingia mezani

Uliza sheria. Kwenye baadhi ya meza za nyumbani cheki-pandisha hairuhusiwi, na mahali pengine idadi ya kupandisha hutofautiana. Uliza pia makato ya kasino kwa kila fungu, kwa sababu makato makubwa humaliza faida yote ya uchezaji mzuri. Cheza mahali penye leseni. Nchini Tanzania leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Tenga fedha ambazo ukizipoteza zote hakuna mtu nyumbani atakayekosa chakula, kodi au ada. Hesabu za makala hii ni za wastani wa mikono mingi, na katika usiku mmoja unaweza kufanya kila kitu sawasawa ukapoteza. Mtu anayecheza kwa fedha za lazima hawezi kuuvumilia usiku huo, na ndipo anapoanza kukimbiza hasara.

Maswali ya kujiuliza, kwa mpangilio

1. Nani alipandisha kabla ya flopu, na yuko kushotoni kwangu au mwisho wa mzunguko?
2. Karata zangu zinaweza kupitwa kirahisi, au ni kubwa kiasi cha kutaka wote wabaki?
3. Kama zinaweza kupitwa: je, kiti cha yule mtu kitanisaidia kuwawekea wengine beti mbili nikibeti, au nikicheki?
4. Kama ni kubwa: njia ipi itawaingiza wengi kwa beti moja kabla sijapandisha?
5. Nikicheki, je, atabeti zaidi ya nusu ya mara? Kama sina hakika, nabeti.

Swali la kwanza lina jibu kabla flopu haijafunuliwa. Jizoeze kulijibu katika kila mkono, hata ule uliokwisha kuutupa: taja moyoni aliyepandisha na kiti chake, kisha tazama kama alibeti kwenye flopu. Baada ya saa chache utawajua wanaobeti kwa mazoea na wanaosubiri karata. Flopu nzuri itakapokuja, kazi kubwa itakuwa imeshafanyika, na uamuzi wako utasimama juu ya ulichokiona mezani.